Kalenda Juu ya Ubao

Ukuta wa mbele wa darasa langu una misumari saba. Nimeihesabu mara mbili: siku niliyokabidhiwa darasa, na juzi, baada ya mambo ninayotaka kuyaeleza. Idadi ni ile ile. Misumari siyo ile ile.

Kwenye chokaa ya ukuta huo kuna mistatili iliyopauka, mmoja ndani ya mwingine, kama sahani zilizopangwa kabatini. Kila mstatili ulikuwa uso wa mkubwa fulani. Mkubwa akiondoka, picha yake inashushwa. Inayokuja ni kubwa kidogo au ndogo kidogo, haitoshani na alama ya kwanza, basi ukuta unawakumbuka wote wawili. Nikiwa nimechoka, na mwalimu wa darasa la tisa huchoka kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi, huitazama mistatili hiyo na kuhesabu serikali.

Mimi ni mtoto wa kambi. Nilizaliwa Tanzania, ukimbizini, na darasa la kwanza nililisomea chini ya picha mbili za viongozi wa nchi ile. Nilidhani ni walimu wa madarasa ya juu ambao siku moja watanifundisha. Nilifika darasa la saba, hawakutokea. Mama yangu aliuza mawese kwa chupa pale kambini, na kwake nilijifunza kupatana bei kabla ya kujifunza kusoma. Aliniambia nisiwe wa kwanza kutaja bei, na kama nikilazimishwa, nitaje ile itakayonitia aibu, maana aibu inapita na bei inabaki. Nimeutumia ujuzi huo maisha yangu yote: kwa samaki, kwa shati, kwa nafasi kwenye lori. Sikujua kwamba ipo siku nitautumia kwa uso wa mtu.

Shule yetu iko Rumonge, mji wa kando ya ziwa katika nchi ya wazazi wangu, upande wa juu wa barabara ya lami. Wanafunzi wangu mwaka ule walikuwa themanini na watatu. Nikihesabu mara ya pili walikuwa themanini na wanne, kwa sababu daima kuna mmoja anayeingia wakati nahesabu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na mwaka wa uchaguzi kila kitu kinapakwa rangi, hata mawe ya kando ya njia.

Mwenyekiti wa chama wa mtaa wetu alikuja darasani wakati wa mapumziko, na nyundo mkono mmoja, karatasi iliyoviringishwa mkono wa pili. Ana mashine ya kukamua mawese huko Kizuka, na wekundu hautoki kwenye kucha zake hata Jumapili. Tulikuwa naye kambi moja, tukarudi nchini kwenye lori moja, mimi nimekalia godoro letu na yeye amekalia kuku wao. Tangu siku hiyo ananiita ndugu wa lori, hasa akiwa na shida.

"Amahoro, ndugu wa lori."

"Ni amahoro, mukubwa."

"Nimekuletea mugeni."

Akaifungua karatasi. Ilikuwa kalenda. Mgombea wa chama alikuwa amevaa koti la bluu, anatabasamu kama mtu aliyeambiwa atabasamu muda mrefu. Miezi kumi na miwili ilikuwa imerundikwa juu ya kichwa chake kama kofia, kwa herufi ndogo mno kiasi kwamba Februari huwezi kuiona bila miwani.

"Tumuweke ukuta wa nyuma," nikasema. "Pale kuna nafasi."

"Nyuma? Watoto watamupa mugongo?"

"Basi karibu na mulango."

"Kwa mulango watu wanapita tu."

"Wanapita mara mbili kwa siku. Wakiingia watamuona, wakitoka watamuona. Ukimuweka mbele watamuona mara moja, halafu watamuzoea."

Alifikiri kweli. Niliona jinsi alivyokuwa akizidisha. Kisha akacheka na kunigonga bega kwa mpini wa nyundo.

"Wewe unaniuzia ukuta wa serikali, ndugu wa lori! Mimi nataka juu ya ubao. Pale macho yanaenda bila kutumwa."

Hivyo ndivyo nilivyoshindwa bei ya kwanza. Ukuta ni wa matofali ya udongo. Msumari wa kwanza ulibomoka na kipande cha ukuta, wa pili vile vile, wa tatu ukaingia mzima na kupotea. Wa nne ulishika, lakini chini sana, kwa hiyo kidevu cha mgombea kikakalia mbao ya juu ya ubao wetu. Ukikaa kwenye dawati, ni kama mtu amesimama nyuma ya ukuta wa jirani anachungulia mnachopika.

Mwenyekiti alirudi nyuma hatua tatu, akaridhika. "Nimepewa arobaini," akasema, "na zote nitaulizwa. Hii ni ya kumi na moja. Uichunge."

Niliichunga. Nikawaambia watoto kwamba hakuna mkono utakaogusa kalenda ile, hata ikipinda, hata ikidondoka. Nilisema mara mbili. Baadaye nitaeleza kwa nini kauli hiyo ndiyo iliyotuingiza matatani, lakini siku ile niliona nimefanya jambo la akili.

Mambo yakaanza kubadilika polepole. Madawati ya upande wa dirisha yakawa ya watoto ambao baba zao wanavaa fulana za chama, na hakuna aliyeamuru. Ubishi wa mpira ukawa ubishi wa rangi. Nilipofika somo la uchaguzi niliandika ubaoni kwamba kura ni siri, nikawaeleza kwamba mwalimu akiwa darasani hana chama.

Sauti ikatoka nyuma: "Na yule anayechungulia?"

"Yule ni mugeni," nikasema.

Darasa zima likacheka. Nikahesabu wasiocheka: wawili. Nikahesabu tena: wawili, wote upande wa dirisha. Jioni ile mwenyekiti alinisimamisha njiani, akaniuliza kwa upole kama wageni wanachekwa shuleni kwetu.

Kadi ya chama nilikuwa sina. Kila mwaka alinidai nijiandikishe, na kila mwaka nilimjibu, "Nikishavuna." Naye kila mwaka aliuliza, "Unavuna nini, mwalimu, chaki?" Ulikuwa mchezo wetu. Sababu yenyewe sikumwambia, naye alikuwa anaijua. Baba yangu alikuwa na kadi. Ndiyo iliyomfanya akimbie nchi, na mimi nikazaliwa ng'ambo. Hakuwahi kuniambia ilikuwa ya chama gani. Alisema tu ilikuwa ndogo, inaingia mfuko wa shati. Nilijiapia kwamba mfuko wangu wa shati utabeba kalamu.

Sasa, ubao. Wasiofundisha wanadhani ubao ni mweusi kwa asili yake. Ubao wetu ni mbao zilizopigwa msumari, na weusi wake tunauleta sisi wenyewe. Watoto hukusanya mawe yaliyokufa, yaani betri za radio na tochi. Tunayapasua, tunasaga ule unga mweusi wa ndani, tunauchanganya na majani ya muhogo yaliyotwangwa mpaka utokee uji mzito wa rangi ya usiku. Kila baada ya wiki mbili, Ijumaa baada ya masomo, mmoja wa wanafunzi wawili warefu wenye zamu hupanda juu ya dawati na kuupaka kwa kitambaa. Jumatatu ubao unang'aa, chaki inashika, na mimi najisikia mwalimu kwa muda wa saa moja hivi.

Zamu ile ilikuwa ya binti mmoja mrefu aliyeketi dawati la tatu kutoka mlangoni. Yeye na mama yake walikuwa wametoka ng'ambo ya ziwa, Kivu ya Kusini, miaka minne kabla. Mama anauza ndagala, dagaa wa ziwani, pale ufukweni. Binti alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Mimi huhesabu mara mbili, yeye alihesabu mara moja tu na akapata. Ilikuwa imebaki wiki tatu kabla ya konkuru, mtihani wa taifa wa darasa la tisa, na kwa mtoto kama yule mtihani huo ni mlango mmoja tu, hakuna dirisha. Akiukosa, Jumatatu inayofuata yuko ufukweni na beseni.

Mtu mwingine angeshusha kalenda kwanza, akapaka, akairudisha. Yeye alikuwa mtiifu. Mwalimu alisema hakuna mkono utakaoigusa, naye hakuigusa. Alipaka mpaka pembeni ya kidevu cha mgombea kwa uangalifu wa mtu anayenyoa mtoto. Kitambaa kikadondosha tone. Tone likateleza mdomoni. Ndipo akavunja sheria: akalifuta. Uji ule ukifutwa ungali mbichi hautoki, unasambaa. Akafuta tena. Jumatatu asubuhi nilimkuta mgombea ana masharubu, ndevu na bandeji ya jicho moja, bado anatabasamu.

Sikucheka. Wala wao hawakucheka, themanini na watatu, na kwa mara ya kwanza hesabu ya pili ilikubaliana na ya kwanza.

Saa nne habari ilikuwa imefika Kizuka. Saa sita direkta, mkuu wa shule yetu, aliniita ofisini kwake. Ni mzee mwema aliyebakiza miaka miwili kufika pensheni, na anaihesabu kuliko mimi ninavyohesabu chochote. Mbele yake kulikuwa na listi ya watahiniwa ambayo ilipaswa kupelekwa komini, ofisi ya tarafa, Alhamisi, na kalamu nyekundu.

"Mwenyekiti anataka jina la mutoto litoke kwa listi," akasema. "Anasema kuchafua sura ya mukubwa ni siasa, na mwenye kufanya siasa shuleni hafanyi mutihani."

"Aliyeleta siasa shuleni alikuja na nyundo, direkta."

"Hayo usimwambie."

"Sitamwambia. Nakuambia wewe."

"Na mimi usiniambie!" Akafunga kalamu, akaifungua. "Mwalimu, nimechoka. Nipe kitu cha kuandika."

Mama wa binti alikuwa ameketi nje kwenye ngazi, beseni tupu magotini, amekuja moja kwa moja kutoka ufukweni na magamba ya samaki kwenye mikono. Aliinuka aliponiona.

"Mwalimu, mi sina mutu hapa. Mutoto aliambiwa apake ubao, alipaka ubao. Sasa wananiuliza niko chama gani. Niwaambie nini? Mi niko wa ndagala."

"Usiwaambie kitu, mama. Rudi sokoni."

"Atafanya mutihani?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema, "Nakwenda kupatana."

Mwenyekiti alifika baada ya adhuhuri, koti limefungwa vifungo vyote, na hapo nikajua kwamba naye anaogopa. Tukakaa watatu: direkta nyuma ya meza, mwenyekiti na mimi kwenye benchi moja, kama tulivyokaa kwenye lori.

"Arobaini," akasema kabla hata ya salamu. "Nimepewa arobaini, wiki ijayo wanakuja kuzitazama. Nitaonyesha thelathini na tisa na moja yenye masharubu?"

"Ni tone la rangi, mukubwa."

"Tone haliendi mpaka jicho. Kuna mukono hapo."

"Mukono wangu," nikasema.

Direkta aliinua macho.

"Ubao niliupaka mimi, Ijumaa. Mutoto alikwenda nyumbani."

Mwenyekiti aliniangalia kuanzia viatu mpaka kola. "Wewe? Na suruali hii?"

"Nilipaka vizuri."

"Tangu lini mwalimu anapanda dawati kupaka ubao?"

"Tangu Ijumaa."

Alicheka kidogo, akakumbuka kwamba hatakiwi kucheka. Niliona amenunua, kilichobaki ni bei. Nikanyamaza, kama mama alivyonifundisha. Yeye ndiye akataja.

"Sawa. Ni wewe. Lakini fikiria rapori itakayopanda juu, ndugu wa lori. Mwanachama akimwaga rangi, ni ajali. Mutu asiye na kadi akimwaga rangi, ni siasa. Nikiandika ni wewe, na huna kadi, watasema mwalimu wa upinzani. Utaondoka wewe, nitaondoka mimi, na huyu muzee pensheni yake utaitafuta ziwani."

Direkta alifunga macho.

"Niandikie basi kwamba nitajiunga," nikasema.

"Kujiunga leo? Kadi ya leo ni kadi ya woga. Kila mutu anaijua." Akatoa kadi kutoka mfuko wa ndani. Ilikuwa ndogo. Ilikuwa tayari na jina langu, limeandikwa kwa kalamu iliyopauka, na nikaelewa kwamba aliibeba muda mrefu, mwaka baada ya mwaka, akingoja mavuno yangu. "Tunaweka tarehe ya mwaka juzi. Na Jumamosi kwenye maandamano unashika bango, mustari wa mbele, watu wakuone. Hapo ni ajali. Mimi nalipia kalenda nyingine."

"Mustari wa kati," nikasema.

"Wa mbele."

"Wa pili. Mimi ni mufupi, mbele nitaharibu mustari."

"Wa mbele, mwalimu. Ufupi utasaidia bango lionekane."

Nilijaribu tena. Niliomba bila bango, akakataa. Niliomba tarehe ya mwaka jana badala ya mwaka juzi, sijui kwa nini, labda ili uongo uwe mfupi kwa mwaka mmoja, akakataa. Nilichopata ni hiki: direkta, mbele yetu, aliweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu pembeni ya jina la binti, akaifunga listi kwenye bahasha. Nikamwomba aifungue tena nilione jina. Akaifungua. Lilikuwepo. Nikasaini kadi.

Siku ya pili nilimwita binti pembeni.

"Ubao niliupaka mimi," nikamwambia. "Wewe ulikwenda nyumbani."

"Lakini mwalimu, ni mimi."

"Hesabu tena."

Akasema, "Ndiyo, mwalimu," na akarudi dawatini kwake. Alikuwa ameelewa upande mmoja wa hesabu. Upande wa pili sikuweza kumfundisha, maana mwenyekiti alikuwa wazi: kadi ni ya mwaka juzi kwa kila mtu, bila kuacha mmoja. Nikimwambia mtoto, kesho yuko mtoto mwingine anayejua, na rapori inabomoka.

Jumamosi niliandamana. Bango lilikuwa kubwa kuliko mimi, upepo wa ziwa ukawa unalivuta upande, nikatembea kama mtu anayebeba mlango. Tulipofika karibu na soko la samaki niliwaona mama na binti kando ya njia, beseni katikati yao. Mama aliinamisha kichwa kunisalimu; watu wa ufukweni wanajua biashara wanapoiona. Binti hakuinamisha. Alinitazama kama anavyotazama jawabu lililotoka sawa kwa njia isiyo sawa. Wiki chache tu kabla ya hapo nilikuwa nimesimama mbele yake na chaki, nikimwambia mwalimu darasani hana chama.

Konkuru ikaja, akaifanya. Alifaulu, tena si kwa kubahatisha, akapangiwa shule ya ufundi. Mama yake aliniletea ndagala kwenye jani la mgomba, akanishukuru mara mbili, "Murakoze, mwalimu."

Lakini kabla ya matokeo hayo, shule ikiwa haijafungwa, zamu yake ya ubao ilirudi mara ya mwisho. Kalenda mpya ilikuwa pale pale, msumari ule ule wa nne, kidevu juu ya mbao. Darasa lilikuwa tupu. Alikoroga uji wa betri, akapanda dawati, akasimama na kitambaa mkononi.

"Mwalimu, ile kadi ni ya mwaka juzi kweli?"

Dirisha lilikuwa wazi. Nikatazama nje, sikuona mtu. Nikatazama tena.

"Tarehe imeandikwa," nikasema.

Akageukia ubao. "Nipake mpaka wapi?"

"Acha kiganja kimoja kutoka kwa kalenda. Ubao wote, kulia na kushoto, uwe sawa."

Alipima kwa kiganja chake, akachora mstari wa chaki, akapaka chini yake bila kudondosha hata tone. Alipomaliza alishuka, akanawa, akaniaga kwa heshima zote zinazotakiwa.

Uchaguzi umepita. Kalenda imekwisha miezi, bado inaning'inia, kwa kuwa wa kuishusha hajatumwa, na mimi mkono wangu siupeleki. Wanafunzi wapya wanaendelea kupaka pale yeye alipoishia. Wameukuta mstari wake, wanadhani ndivyo ubao unavyokuwa. Juu umebaki ukanda wa mbao zilizopauka, hauandikiki, chaki inateleza. Zamani ubao huu ulinipa mistari kumi na moja ya maandishi yangu. Sasa unanipa tisa. Nimehesabu mara mbili.